Sura Bila Mwili: Historia ya Stereoskopu na Picha za Nchi Takatifu

Utangulizi

Katika masomo ya historia ya Kanisa tumezoea kuyauliza maandiko maswali: ni nani aliyeandika, aliandika lini, kwa ajili ya nani, na kwa kusudi gani. Ni mara chache tunaiuliza picha maswali hayo hayo. Picha huonekana kuwa shahidi asiyeweza kusema uongo, na kwa sababu hiyo huachwa ipite bila kuhojiwa. Makala hii inakusudia kueleza historia ya aina moja ya picha ambayo kwa muda wa miaka themanini hivi ilipatikana katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, na katika madarasa ya shule ya Jumapili, nayo ilidai jambo kubwa kuliko picha nyingine: kumfikisha mtazamaji mahali penyewe.

Picha hiyo tutaiita picha pacha. Ni picha mbili za kitu kimoja zilizobandikwa ubavu kwa ubavu kwenye kadi moja, ambazo zikitazamwa kwa chombo kiitwacho stereoskopu huungana na kuwa taswira moja yenye kina. Leo vyombo hivyo, pamoja na lenzi na kamera zake, hutafutwa kwa bidii na wakusanyaji wa vitu vya kale. Swali tunaloliweka mbele ya wasomaji ni hili: mkusanyaji huhifadhi nini hasa? Na sisi watumishi wa Kanisa, ambao watangulizi wetu katika huduma walishiriki kuzieneza picha hizo, tunajifunza nini kwazo?

1. Macho mawili, taswira mbili

Mwanadamu ameumbwa na macho mawili, nayo kwa mtu mzima yametengana kwa wastani wa milimita 63 hivi. Kwa kuwa kila jicho hutazama kutoka mahali pake, taswira zao hazifanani kabisa. Msomaji aweza kuhakikisha jambo hilo mara moja. Na ainue kidole mbele ya uso, afumbe jicho la kushoto, kisha alifumbue na kufumba la kulia. Kidole kitaonekana kana kwamba kimehama. Ubongo hauchagui taswira moja na kuitupa nyingine. Huzipokea zote mbili, na kwa njia ya tofauti iliyopo kati yake hutambua lililo karibu na lililo mbali.

Watu wa kale walijua kwamba macho mawili huona tofauti, lakini aliyethibitisha kwamba tofauti hiyo ni chanzo cha kuona kina ni Charles Wheatstone, mwalimu wa King's College huko London. Mwezi Juni 1838 alipeleka maelezo yake mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza. Chombo chake kilikuwa na vioo viwili vya kujitazamia vilivyowekwa kwa pembe mbele ya macho, na michoro miwili, mmoja upande wa kulia na mwingine upande wa kushoto. Kila jicho liliona mchoro wake tu. Wheatstone alitumia michoro kwa sababu upigaji picha ulikuwa haujatangazwa bado. Daguerre wa Ufaransa na Talbot wa Uingereza walitangaza njia zao mwaka uliofuata, yaani 1839. Jambo la kuzingatia ni kwamba michoro hiyo miwili ilipofanana kabisa, hakuna kina kilichoonekana. Tofauti ndogo ndiyo iliyoleta kina.

Jina la chombo alilitoa katika Kiyunani. Wanafunzi wetu wa Agano Jipya watalitambua neno stereos, lenye maana ya kitu kigumu, imara, kisicho bapa. Ndilo neno linalotumika katika Waebrania 5:12 juu ya chakula kigumu, katika 2 Timotheo 2:19 juu ya msingi ulio imara, na katika 1 Petro 5:9 juu ya wale wanaosimama thabiti katika imani. Tangu mwanzo, basi, jina la chombo hiki lilibeba ahadi: kwamba atazamaye ataona kitu chenye uimara, wala si kivuli tu juu ya karatasi.

2. Mhubiri aliyeogopa mimbari

Chombo cha Wheatstone kilikuwa kikubwa na kilikaa mezani mwa wataalamu. Aliyekifanya kiingie majumbani ni David Brewster wa Uskoti, mtu ambaye maisha yake yanawahusu wasomaji wa kurasa hizi. Brewster alizaliwa mwaka 1781, akasomea utumishi wa Kanisa katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mwaka 1804 alipewa kibali cha kuhubiri. Lakini aliposimama mbele ya watu alishikwa na hofu kiasi kwamba hakuweza kuendelea na kazi ya mimbari. Akageukia elimu ya nuru, na huko akapata sifa kubwa. Hata hivyo hakuliacha Kanisa. Mwaka 1843, Kanisa la Uskoti lilipogawanyika, yeye aliungana na wale walioanzisha Kanisa Huru.

Mwaka 1849 Brewster alieleza stereoskopu ya namna mpya, yenye lenzi badala ya vioo. Alichukua lenzi moja iliyobinuka, akaikata katikati, na kuweka nusu moja mbele ya kila jicho, ukingo mwembamba ukielekea puani na ukingo mnene ukielekea nje. Kwa kufanya hivyo kila nusu ilifanya kazi mbili kwa pamoja: ilikuza picha, na ilipinda nuru kama prizimu ifanyavyo, hata picha mbili zilizokaa sambamba zikaonekana kukutana mahali pamoja. Vyote hivyo viliingia katika sanduku dogo la kushikwa mkononi.

Mafundi wa Uingereza hawakukipokea chombo hicho kwa haraka. Brewster alikipeleka Paris mwaka 1850, ambako padre François Moigno alikisifu na kukitetea, naye fundi Jules Duboscq akaanza kukitengeneza. Mwaka 1851 kilionyeshwa katika Maonyesho Makuu ya London, Malkia Victoria akapendezwa nacho, na tangu hapo biashara ikashika kasi. Mwaka 1854 ilianzishwa London Stereoscopic Company, ambayo ilitangaza kwamba haifai nyumba yoyote ikose stereoskopu. Kamera nazo zilibadilika. Hapo kwanza mpiga picha alipiga picha moja, akaisogeza kamera kidogo kando, kisha akapiga ya pili. Kwa hiyo hakuweza kupiga kitu kinachotembea. Mwaka 1853 John Benjamin Dancer wa Manchester alitengeneza kamera yenye lenzi mbili pamoja, ikawezekana kuzipata picha zote mbili kwa wakati mmoja.

Inasikitisha kwamba mwaka 1856 Wheatstone na Brewster walibishana hadharani katika gazeti la The Times juu ya nani astahiliye heshima ya uvumbuzi huo. Wazo la macho mawili lilikuwa la Wheatstone. Chombo kilichoenea kilitoka kwa Brewster.

3. Holmes na ndoto ya sura bila kitu

Mtu wa tatu katika historia hii ni Oliver Wendell Holmes, tabibu na mwandishi wa Boston, mwana wa mchungaji. Mwezi Juni 1859 alichapisha insha juu ya stereoskopu katika jarida la Atlantic Monthly, na muda mfupi baadaye, mnamo 1861, akabuni chombo chepesi kilicho wazi: lenzi mbili, kizuizi cha nuru kuzunguka macho, kishikio cha mkono upande wa chini, na mti wenye kishikilia kadi kinachosogezwa mbele na nyuma. Joseph Bates wa Boston alikiboresha na kukiuza. Holmes alikataa kwa hiari yake kukichukulia hataza, na kwa sababu hiyo kila fundi aliweza kukitengeneza, bei ikashuka, na namna hiyo ndiyo inayopatikana zaidi mpaka leo kwa wauzaji wa vitu vya kale.

Lakini insha ya Holmes inatuhusu kuliko chombo chake. Ndani yake alitoa wazo ambalo msomaji wa theolojia hana budi kusimama mbele yake. Alisema kwamba kuanzia sasa sura ya kitu imetenganishwa na kitu chenyewe. Tukiwa na picha chache za kitu kinachostahili kuonwa, zilizopigwa kutoka pande mbalimbali, kitu chenyewe hatukihitaji tena. Hata kikibomolewa au kuteketezwa, si hasara. Holmes alitabiri kwamba watu watawinda vitu vyote kwa ajili ya sura zake, kama mwindaji awindaye mnyama kwa ajili ya ngozi na kuuacha mzoga.

Yawezekana kwamba tabibu huyo alisema nusu kwa mzaha. Hata hivyo mfano wake wa ngozi na mzoga unaeleza vizuri sana kilichofuata.

4. Nchi Takatifu sebuleni

Palestina ilipigwa picha pacha mapema. Francis Frith wa Uingereza alipiga picha za namna hiyo Misri katika safari yake ya miaka ya 1856 na 1857, nazo zikachapishwa na kampuni ya Negretti & Zambra. Lakini mradi mkubwa kuliko yote ulitoka Marekani. Ndugu wawili, Elmer na Bert Underwood, walianza biashara yao huko Ottawa, Kansas, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Picha zao ziliuzwa nyumba kwa nyumba na vijana wengi, baadhi yao wanafunzi wa vyuo waliotafuta karo wakati wa likizo. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 kampuni ya Underwood & Underwood ilikuwa ikitoa mamilioni ya kadi kila mwaka.

Mwaka 1900 kampuni hiyo ilitoa seti ya picha 100 za Palestina pamoja na kitabu cha maelezo kilichoandikwa na Jesse Lyman Hurlbut, mchungaji wa Kimethodisti. Hurlbut alikuwa mmoja wa viongozi wa harakati ya Chautauqua, iliyoanza mwaka 1874 katika jimbo la New York kwa ajili ya kuwaelimisha walimu wa shule ya Jumapili. Huko Chautauqua palitengenezwa kando ya ziwa mfano wa nchi ya Palestina, wenye milima na miji yake midogo, ambao wanafunzi waliweza kuutembelea kwa miguu. Seti ya picha pacha iliendeleza nia hiyo hiyo: mtu wa kijijini Ohio au Kansas, asiye na nauli ya meli, aende Yerusalemu.

Njia yenyewe ilibuniwa kwa uangalifu. Pamoja na picha zilikuja ramani, na kwenye ramani kila mahali alipopaswa kusimama mtazamaji palitiwa namba, na mistari miwili ilitoka hapo kuonyesha upana wa kile atakachokiona. Mtazamaji aliagizwa aufunge ulimwengu wa sebule yake kwa kulibana kopo la stereoskopu usoni, aijue ramani kwanza, asome maelezo, kisha akae na kila picha bila haraka. Maelezo yaliandikwa kama maneno ya kiongozi wa safari anayesimama kando ya msafiri: tazama kulia, angalia ule mnara, nyuma yako iko njia tuliyopita. Wachapishaji walidai waziwazi kwamba mtu afanyaye hivyo hupata kwa kweli hisia za kuwapo mahali pale.

Tusiudharau mradi huu. Kwa mwalimu wa Biblia ulikuwa msaada mkubwa. Mtu aliyeona kwa kina jinsi Bonde la Kidroni linavyolitenga hekalu na Mlima wa Mizeituni aliielewa njia ya usiku wa Alhamisi Kuu kuliko yule aliyesikia majina tu. Hali ya nchi, mawe yake, ukame wake, mwinuko wa njia itokayo Yeriko, vyote hivyo ni sehemu ya ufafanuzi wa Maandiko.

5. Yale yaliyoachwa nje ya picha

Lakini hapo ndipo swali la mwanahistoria linapoingia. Ni nchi gani iliyoonyeshwa? Mara nyingi wachapishaji wa picha za Palestina walimwonyesha mvunaji, mchungaji wa kondoo na mwanamke kisimani, kisha wakaeleza kwamba watu hawa wanaishi kama walivyoishi watu wa siku za Ruthu au za Bwana Yesu. Mkulima Mwarabu wa mwaka 1900, mwenye jina lake, kodi zake kwa serikali ya Waturuki, na watoto wake, aligeuzwa kuwa kielelezo cha Boazi. Hakuulizwa jina. Kadi ilitaja kijiji, ikataja fungu la Biblia, na yeye mwenyewe haikumtaja.

Ukweli ni kwamba nchi hiyo haikuwa imesimama. Reli kutoka Yafa hadi Yerusalemu ilifunguliwa mwaka 1892. Mwaka 1898 Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani alizuru Yerusalemu, ukuta ukafunguliwa karibu na Lango la Yafa ili msafara wake upite, na tarehe 31 Oktoba mwaka huo, Siku ya Matengenezo, Kanisa la Kilutheri la Mkombozi likawekwa wakfu katika mji wa kale. Sisi Walutheri tunayo sababu ya kuikumbuka tarehe hiyo. Yerusalemu ya Underwood na Yerusalemu ya kanisa letu zilikuwa mji mmoja katika miaka ile ile. Lakini mtazamaji aliyetafuta siku za Biblia alifundishwa kulipita lile la leo kana kwamba ni kizuizi.

Kulinganisha kutatusaidia. Katika mji huo huo ilikaa jumuiya ya Wakristo iliyoitwa American Colony, iliyoanzishwa mwaka 1881. Katika miaka ya ziara ya Kaisari wakaanza kazi ya upigaji picha, nao pia walitoa picha pacha. Wao hawakuwa wapita njia, walikaa. Mwaka 1915 nzige walipoivamia Palestina, walilifuata pigo hilo kwa kamera tangu nzige walipoingia, walipotaga, walipoanguliwa, hata miti ilipobaki bila gome. Mwalimu afafanuaye kitabu cha Nabii Yoeli atafaidika na picha hizo kuliko na picha nyingi zilizopangwa zifanane na Biblia, kwa sababu zina tarehe, zina mahali, na zinaeleza tukio lililowapata watu wa wakati huo. Mkusanyo wao, ujulikanao kwa jina la Eric Matson, sasa umo katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Hao nao walikuwa na mtazamo wao, na biashara yao ilitegemea wageni. Ila shahidi aliyekaa huwa na mengi ya kusema kuliko shahidi aliyepita.

6. Vyombo na wakusanyaji wake

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza biashara ya kadi pacha ilipungua. Magazeti yalikuwa yamejifunza kuchapa picha, na sinema na redio zikachukua jioni za watu. Kampuni ya Keystone View ya Meadville, Pennsylvania, iliyoanzishwa mwaka 1892, ilinunua hazina za washindani wake, wakiwamo Underwood, ikaendelea kuuza zaidi kwa shule. Mwaka 1939 ikaja View-Master, yenye gurudumu la karatasi lenye picha ndogo 14 za rangi, yaani jozi saba. Nayo iliendelea kuwaonyesha watoto Nchi Takatifu na hadithi za Biblia. Kwa upande wa kamera, Jules Richard wa Ufaransa alikuwa ametoa Vérascope miaka ya 1890, Franke & Heidecke wa Ujerumani wakatoa Heidoscop miaka ya 1920, na mwaka 1947 ikaja Stereo Realist ya Marekani.

Ndipo vyombo vya zamani vilipoanza kuingia mikononi mwa wakusanyaji. Mwaka 1974 chama chao cha taifa kiliundwa Marekani, na mwaka 1977 William Culp Darrah alichapisha kitabu kilichoweka msingi wa elimu hiyo. Mkusanyaji mwenye ujuzi huisoma kadi kama sisi tunavyosoma hati ya kale. Kadi bapa yenye pembe kali kwa kawaida ni ya zamani kuliko ile yenye pembe za mviringo. Kadi iliyopindwa kidogo ni ya kuanzia mwisho wa miaka ya 1870. Kadi ya Marekani yenye stempu ya kodi nyuma yake huonyesha kwamba iliuzwa kati ya mwaka 1864 na 1866, wakati kodi ya vita ilipotozwa. Lenzi nazo zina habari zake. Lenzi mbili za kamera pacha hazina budi kuwa na nguvu moja. Zikitofautiana, picha moja huwa kubwa kuliko nyenzake na macho ya mtazamaji huchoka. Kwa hiyo lenzi moja iliyobaki bila mwenzake, hata iwe safi namna gani, imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Hapa pana jambo la kusikitisha. Seti za Underwood ziliuzwa katika makasha yaliyofanana na vitabu, pamoja na kitabu cha maelezo na ramani zake. Mara nyingi stereoskopu huuzwa peke yake kama pambo la meza, kadi nzuri huchaguliwa na kuuzwa mojamoja, ramani hutupwa. Kila kipande kimehifadhiwa, na bado kitu chenyewe kimepotea. Bila kitabu na ramani hatuwezi tena kujua mtazamaji wa mwaka 1900 aliambiwa aone nini. Na lile ndilo jambo ambalo mwanahistoria alihitaji kulijua.

Wapo pia waliofanya vema. Familia ya Mast, iliyoinunua kampuni ya Keystone mwaka 1963, iliikabidhi hazina yake ya mamia ya maelfu ya picha kwa Chuo Kikuu cha California huko Riverside mwaka 1977, badala ya kuitawanya sokoni. Na Brian May, mpiga gitaa wa kundi la Queen na msomi wa elimu ya nyota, alikusanya kwa miaka mingi picha 59 za kijiji kimoja cha Kiingereza zilizopigwa na T. R. Williams katika miaka ya 1850. Williams hakukitaja kijiji hicho. May hakutosheka na kuwa na kadi zote. Alikitafuta kijiji chenyewe, na mwaka 2003 kikatambuliwa kuwa ni Hinton Waldrist. Mwaka 2009 yeye na Elena Vidal walichapisha kitabu kinachoziweka picha zile pamoja na mahali na watu wake. Huo ni ukusanyaji unaoirudisha sura kwenye mwili wake.

7. Picha pacha na pwani yetu

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Mwaka 1860 James Augustus Grant, mwenzake Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Nile, alipiga picha pacha Unguja kabla ya kuanza safari ya bara. Baadaye aliiacha kamera akatumia kalamu na rangi. Picha zake zinahesabiwa miongoni mwa za mapema kabisa zilizopigwa katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Unguja hiyo ilikuwa na soko la watumwa, ambalo halikufungwa mpaka mwaka 1873. Na Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda katika Afrika ya Mashariki ya Kiingereza mwaka 1909, Underwood waliuza picha pacha za safari hiyo kwa watazamaji wa Marekani. Katika picha za safari za namna hiyo, mwindaji ana jina na mnyama ana jina. Wapagazi, kwa kawaida, ni wapagazi tu.

Mfano wa Holmes wa ngozi na mzoga haukuwa tena mzaha. Babu zetu nao walichukuliwa sura, na yaliyobaki yao hayakuulizwa.

8. Mafundisho kwa mtumishi na mwanafunzi

Kutokana na historia hii twaweza kutaja mambo matatu.

Kwanza, juu ya mashahidi. Torati iliagiza kwamba neno lithibitike kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu (Kumbukumbu la Torati 19:15). Wheatstone alionyesha katika elimu ya nuru jambo ambalo Kanisa la kwanza lililijua kwa njia nyingine. Katika karne ya pili Tatiano alizifuma Injili nne kuwa kitabu kimoja, kiitwacho Diatessaron, nacho kilipendwa sana Shamu. Katika karne ya tano Askofu Theodoreto alikusanya nakala zaidi ya 200 za kitabu hicho katika makanisa ya dayosisi yake na kuweka Injili nne mahali pake. Aliona kwamba kulainisha tofauti za mashahidi si njia ya kuwaheshimu. Mhubiri anayekimbilia kuzisawazisha Injili katika kila neno huondoa tofauti ile ile iletayo kina.

Pili, juu ya uwepo. Underwood waliahidi kuwapo, wakatoa kuona. Hisia ya kina ni halisi, lakini mtazamaji hasikii joto la mchana, haombwi maji na aliye mbele yake, wala hana la kumjibu mtu yule. Imani yetu husema kwamba Neno alifanyika mwili; na Yohana anaanza waraka wake wa kwanza kwa kutaja kusikia, kuona na kupapasa kwa pamoja. Sura iliyotengwa na mwili haiwezi kupendwa kama jirani. Katika siku hizi ambapo vifaa vya kuvaa machoni vyenye lenzi mbili vinaahidi tena kumpeleka mtu popote bila kuondoka kitini, nayo kanuni yake ni ile ile ya mwaka 1838, onyo hili halijazeeka.

Tatu, juu ya majina. Katika makabati ya sharika zetu na katika nyumba za wazee zimo picha za zamani: ubatizo wa kwanza, ujenzi wa kanisa, mkutano wa walimu wa injili. Picha za misheni ya Leipzig kutoka Kilimanjaro na kwingineko zimehifadhiwa, na nyingi zaweza kutazamwa na watafiti. Lakini picha iliyohifadhiwa vizuri ikiwa na maneno ya jumla tu nyuma yake, bila jina la mwinjilisti aliyesimama pale, ni kama lenzi moja iliyopoteza mwenzake. Wanaoweza kuyataja majina hayo wanapungua mwaka hata mwaka.

Hitimisho

Stereoskopu ilikuwa chombo cha werevu na mara nyingi cha nia njema. Iliwafundisha wengi jiografia ya Biblia, na iliwazoeza wengi kuwatazama watu bila kukutana nao. Mambo hayo mawili ni ya kweli kwa pamoja, na anayetaka kuielewa historia hii kwa kina hana budi kuyashika yote mawili bila kuliacha hata moja. Mkusanyaji atunzaye lenzi, kadi, kitabu na ramani pamoja anaifanyia historia utumishi mwema. Nasi tulio na picha chache tu katika kabati la usharika tunayo kazi ndogo lakini ya haraka: kuchukua kalamu ya risasi, kuketi na wazee wetu wakiwa bado hai, na kuandika nyuma ya kila picha nani ni nani, wapi, na mwaka gani.